Ngazi Nne za Vipimo: Namna ya Kusikiliza Namba katika Taarifa za Huduma

Mazungumzo kwa wakazi wa kata, Nyashimo, Wilaya ya Busega



Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu, na katika mkutano huo wananchi husomewa taarifa. Taarifa hizo zimejaa namba: wanafunzi waliofaulu na madaraja yao, vituo vya maji, watoto waliopimwa, kilo za pamba zilizopokelewa, vipaumbele vya kijiji kwa mpangilio wake. Msomaji huzisoma zote kwa sauti ile ile, na msikilizaji huzipokea zote kwa sikio lile lile. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Namba 4 iliyopewa kitongoji katika orodha, daraja la 4 la mtihani, saa 4 asubuhi na ndoo 4 za maji zimevaa vazi moja, lakini si jambo moja. Namba nyingine huruhusu kujumlishwa na kugawanywa. Nyingine huruhusu kupangwa tu. Nyingine hazina kazi zaidi ya kuita.

Jambo hili halikuzaliwa darasani wala haliishii darasani. Bomba linapochimbwa, dawa zinapogawanywa, darasa linapojengwa, mtu fulani ametazama namba kabla ya kuamua. Kijiji chaweza kukosa kilichostahili bila mtu yeyote kudanganya, kwa sababu tu namba ya kweli imefanyiwa hesabu isiyoiweza.

Aliyelipanga suala hili kwa namna inayofundishwa hadi leo ni Stanley Smith Stevens, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1946 alichapisha makala katika jarida la Science. Wakati huo kulikuwa na ubishi mzito: kamati ya wanasayansi wa Uingereza, iliyoundwa mwaka 1932, ilikuwa imejadiliana kwa miaka kadhaa kama inawezekana kweli kupima kile ambacho mwanadamu anakihisi, mfano ukubwa wa sauti masikioni mwake, na haikufikia muafaka. Jibu la Stevens lilikuwa kwamba kupima ni kuvipa vitu namba kwa kufuata kanuni, na kwa kuwa kanuni hutofautiana, namba zinazopatikana nazo hutofautiana kwa uwezo. Akataja ngazi nne. Kwa Kiswahili zaweza kuitwa ngazi ya majina, ngazi ya mpangilio, ngazi ya vipindi na ngazi ya uwiano.

Ngazi ya majina ndiyo ya chini kabisa. Katika orodha ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Mkoa wa Simiyu una namba 24. Mwanza una 19, Mara una 20, Geita una 25. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba Simiyu umeizidi Mwanza kwa 5. Simiyu ulipata 24 kwa sababu ulizaliwa mwaka 2012 pamoja na Njombe, Katavi na Geita, wakati mikoa ya zamani ilikwisha kupewa namba zake. Namba hiyo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Ndivyo ilivyo namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, na namba iliyo kwenye heleni ya ng'ombe: mwenye ng'ombe wa namba kubwa hana ng'ombe mnono zaidi.

Kazi halali katika ngazi hii ni kuhesabu wangapi wamo katika kila jina. Kazi hiyo si ndogo. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilipomhesabu kila mtu mahali alipolala, iliwapata watu 61,741,120 katika nchi nzima, na 2,140,497 kati yao walikuwa Simiyu. Sensa ya 2012 iliwapata wakazi 1,584,157 katika mkoa huu. Jina la mkoa haliwezi kujumlishwa na jina lingine, lakini watu waliohesabiwa chini ya jina hilo ni idadi kamili, na kwayo inaweza kusemwa bila kigugumizi kwamba mkoa umeongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu katika miaka kumi.

Ngazi ya pili, ya mpangilio, ndiyo inayowapotosha watu wengi zaidi, kwa sababu inafanana mno na hesabu. Hapa namba inaonyesha nani yuko mbele ya nani, ila haionyeshi amemtangulia kwa kiasi gani. Mkulima anayepeleka pamba kwenye chama cha msingi hukutana na ngazi mbili siku moja: mizani humpa kilo, na jicho la mpokeaji humpa daraja A au daraja B. Kilo zinajumlishika. Daraja linasema tu kwamba hii ni safi kuliko ile.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote katika nchi hii ni mtihani wa kidato cha nne. Alama za mwanafunzi katika somo hugeuzwa herufi: A ni kuanzia 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kila herufi hupewa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5. Pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa. Mwenye pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza. 18 hadi 21 daraja la pili. 22 hadi 25 la tatu. 26 hadi 33 la nne. 34 na 35 ni sifuri. Mwananchi atazame upana wa vyumba hivi. Herufi C imebeba alama 20, B imebeba alama 10 tu. Daraja la kwanza lina nafasi ya pointi 11, la pili pointi 4. Vyumba havilingani.

Matokeo yake yaonekane kwa wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza amepata alama 45 katika masomo yote saba. Jumla yake ni alama 315. Kila somo ni C, yaani pointi 3, na jumla ni pointi 21: daraja la pili. Mwenzake amepata 64 katika masomo matano na 44 katika masomo mawili. Jumla yake ni alama 408. Lakini ana C tano na D mbili, yaani pointi 15 na pointi 8, jumla 23: daraja la tatu. Aliyepata alama 93 zaidi yuko daraja la chini zaidi. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Alama zilipogeuzwa herufi, sehemu ya habari ilibaki mlangoni, na herufi zilipogeuzwa pointi na kujumlishwa, zilitendewa kana kwamba hatua kati ya C na D ni sawa na hatua kati ya B na C.

Balaa huzidi pale mtu anapotafuta wastani wa madaraja. Shule ya kubuni yenye watahiniwa kumi, watano wakiwa daraja la kwanza na watano sifuri, ikijumlishiwa madaraja na kugawanywa kwa kumi itapata wastani wa 0.5. Kwa kuwa daraja dogo ndilo bora, shule hiyo itaonekana imepita hata ile ambayo watahiniwa wake wote kumi wako daraja la kwanza. Sifuri ya matokeo ni jina la chumba cha mwisho, si kiasi. Taarifa ya shule inayosema ukweli haina haja ya wastani: inataja wangapi wako katika kila daraja, na ikitaka kusema neno moja tu, itaje daraja la mwanafunzi aliye katikati wanapopangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa haki ya mjadala, ielezwe kwamba wataalamu hawakubaliani wote na ukali huo. Mwaka 1953 Mmarekani Frederic Lord aliandika kisa cha kuchekesha kuhusu namba za jezi za wachezaji, ambazo ni majina matupu, na akaonyesha kwamba kuna swali moja ambalo wastani wa namba hizo unaweza kulijibu, nalo ni kama jezi zenyewe zilitolewa bila upendeleo. Namba, alisema kwa mzaha, hazijui zimetoka wapi. Hoja yake ina uzito: swali ndilo linaloamua. Pointi za kidato cha nne zinatosha kumchagua wa kwenda kidato cha tano. Hazitoshi kusema shule moja imeishinda nyingine mara mbili. Nchi hii yenyewe imekwisha kuyumba katika jambo hilo: matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa GPA, na mwanzoni mwa mwaka 2016 wizara ikaagiza kurudi kwenye madaraja. Wazazi waliozoea kwamba pointi chache ndizo nzuri walijikuta wanasoma mfumo ambao namba kubwa ndiyo nzuri. Wanafunzi walikuwa wale wale. Kilichogeuka ni kanuni ya kuwapa namba.

Ngazi hii ya mpangilio inagusa moja kwa moja upangaji wa maendeleo. Katika utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wananchi hukaa na kupanga vipaumbele vyao: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu mwenye shida ndiye anayezungumza. Ugumu huja namba hizo zinapopelekwa juu na kujumlishwa. Vichukuliwe vitongoji vitatu vya kubuni. Cha kwanza kimesema: maji, kalavati, zahanati, soko. Cha pili: zahanati, kalavati, soko, maji. Cha tatu: soko, kalavati, maji, zahanati. Mtendaji akijumlisha nafasi atapata maji 8, zahanati 8, soko 8, na kalavati 6. Kalavati limeshinda, ingawa hakuna kitongoji hata kimoja kilicholiweka mbele.

Pengine kalavati ni suluhu ya busara, kwa kuwa wote wanalitaka kwa kiasi. Pengine sivyo. Namba zenyewe haziwezi kusema, kwa sababu hazina umbali ndani yake. Kitongoji ambacho akina mama hutembea saa nzima kufuata maji kiliandika 1. Kitongoji kinachotaka soko ili kuuza karibu zaidi nacho kiliandika 1. Moja hizi mbili hazina uzito sawa, na karatasi haitofautishi. Dawa yake ni kuambatanisha kila kipaumbele na kipimo cha ngazi ya juu: mita ngapi, dakika ngapi, watu wangapi, mara ngapi kwa mwezi barabara hukatika. Kijiji kinachopeleka orodha tupu kimeacha utetezi wake nyumbani.

Ngazi ya tatu ni ya vipindi. Hapa hatua kati ya namba na namba zinalingana, ila sifuri yake imewekwa kwa makubaliano tu. Wanaozungumza Kiswahili wana ushahidi wa jambo hili mkononi kila siku, kuliko hata waliolitungia nadharia. Basi linaondoka Lamadi saa mbili asubuhi na kufika linakokwenda saa nne. Nne ni mara mbili ya mbili. Je, saa nne ni mara mbili ya saa mbili? Simu ya kondakta inaonyesha saa hizo hizo kuwa 8 na 10, na kumi si mara mbili ya nane. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa alfajiri, za simu usiku wa manane. Uwiano umebadilika kwa sababu sifuri imehamishwa. Lakini safari ni ya saa mbili kwa hesabu zote mbili. Basi katika ngazi hii tofauti ni halali, na usemi wa "mara mbili" si halali. Joto la nyuzi 30 vilevile halina joto mara mbili ya nyuzi 15.

Wakazi wa mwambao wa Ghuba ya Speke walikutana na ngazi hii kwa maumivu mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda na kuingia kwenye mialo, mashamba na nyumba. Mwezi Mei mwaka huo kipimo cha Jinja, Uganda, kilifikia mita 13.42 na kuipita rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Wapo waliodhani ziwa lina kina cha mita 13. Ziwa lina sehemu zenye kina cha mita 80 hivi. Mita 13.42 zinahesabiwa kutoka alama iliyowekwa na wapimaji pale Jinja. Uso huo huo wa maji ukihesabiwa kutoka usawa wa bahari uko zaidi ya mita 1,130 juu. Kwa mwenye nyumba ufukweni, namba yenye maana ni ile ya kupanda: sentimita moja ya Jinja ni sentimita moja ya usawa wa bahari. Anayesikia kipimo cha ziwa redioni aulize limepanda kiasi gani tangu mwezi uliopita, wala asijisumbue na namba yenyewe.

Ngazi ya nne, ya uwiano, ina sifuri ya kweli: sifuri maana yake hakuna. Mita, lita, kilo, dakika, shilingi, idadi ya watu vyote vimo humu, na hesabu zote zinaruhusiwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilijengwa juu ya ngazi hii. Ilisema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Hizo ni namba zinazokubali kuhojiwa.

Lakini katika taarifa nyingi kituo huandikwa "kinafanya kazi" au "hakifanyi kazi". Hayo ni majina mawili. Anayezidisha vituo vinavyofanya kazi kwa watu 250 hupata idadi ya kupendeza ya waliofikiwa na huduma. Sasa ifanywe hesabu ambayo lita zinairuhusu. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku. Kwa ndoo ya lita 20, ni zaidi ya ndoo 312. Ikiwa koki hujaza ndoo moja kwa dakika mbili, zinahitajika dakika 625, yaani zaidi ya saa kumi bila kupumzika. Kituo chenye koki moja ya namna hiyo kinachofunguliwa saa tatu tu kwa siku kitatoa ndoo 90, sawa na lita 1,800, ambazo kwa kiwango cha sera hiyo zinawatosha watu 72. Kwenye taarifa kimehudumia 250. Hakuna aliyeandika uongo: kituo kweli kinafanya kazi. Watu 178 wamepotea ndani ya neno.

Kwa hiyo mwananchi anayetaka kujua hali ya maji katika kitongoji chake hahitaji mtaalamu. Anahitaji ndoo ya lita 20, saa, na kumbukumbu ya lini koki hufunguliwa na kufungwa. Namba hizo akizipeleka kwenye chombo cha watumia maji au kwa mhandisi wa RUWASA, mazungumzo yatakuwa ya namna nyingine kabisa.

Tahadhari moja kuhusu ngazi hii: kizio lazima kiwe kimoja. Gunia huhesabiwa kama uwiano, na gunia mbili ni mara mbili ya gunia moja, mradi gunia ni lile lile. Lumbesa huvunja kanuni hiyo. Mkulima aliyeuza gunia kumi za lumbesa na mwenzake aliyeuza kumi zilizoshonwa sawasawa wameandikwa kumi kwa kumi, na mmoja ameibiwa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo husisitiza mizani, na ndiyo maana taarifa ya mavuno inayotaja magunia bila kilo haifai kulinganishwa na ya kijiji kingine.

Kuna jambo moja juu ya ngazi hizi lenye uzito kuliko yote yaliyotangulia. Ni rahisi kushuka ngazi, na haiwezekani kupanda. Mwenye alama 64 anaweza kuambiwa ana C. Mwenye C hawezi kujua kama ni 64 au 45. Mwenye milimita za mvua anaweza kusema msimu ulikuwa chini ya wastani. Aliyeandika "chini ya wastani" misimu miwili mfululizo hawezi kusema upi ulikuwa mkavu zaidi. Kilichotupwa wakati wa kuandika hakirudi.

Hakuna mahali jambo hili linagharimu zaidi kuliko katika lishe ya watoto. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii humfunga mtoto wa miezi 6 hadi 59 utepe kwenye mkono wa juu. Utepe una rangi tatu. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na mtoto hupelekwa kituo cha huduma mara moja. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 na kuendelea ni kijani. Rangi zimechaguliwa kwa busara: hata mzazi asiyejua kusoma huelewa papo hapo, na mhudumu hupata uamuzi bila kuchelewa. Hakuna sababu ya kuziondoa.

Lakini rangi ni ngazi ya mpangilio, na sentimita ni ngazi ya uwiano. Achukuliwe mtoto anayepimwa miezi mitatu mfululizo. Mwezi wa kwanza mkono wake ni sentimita 12.4. Mwezi wa pili ni 12.0. Mwezi wa tatu ni 11.6. Daftari lililoandikwa kwa rangi litasoma: njano, njano, njano. Anayelisoma ataona mtoto ambaye hali yake haijabadilika, na taarifa ya kijiji itasema hakuna ongezeko la walio katika hatari. Daftari lililoandikwa kwa sentimita litaonyesha mkono uliopungua milimita 4 kila mwezi, na uliobakiza milimita moja tu kufika kwenye mpaka wa nyekundu. Mtoto wa pili aliyeanza na 11.6, kisha 12.0, kisha 12.4 naye ataandikwa njano, njano, njano. Mmoja anadhoofika, mwingine anapona, na daftari limewaandika mapacha.

Katika kadi alama ya lishe, ambako nako hutumika rangi, hali hiyo huhamia ngazi ya wilaya na mkoa. Kijiji kizima chaweza kukaa katika rangi ya njano robo baada ya robo huku kikiteremka, na hakuna atakayegutuka mpaka siku rangi itakapogeuka. Siku hiyo itasemwa kwamba hali imebadilika ghafla. Haikubadilika ghafla.

Mzazi anaweza kuomba jambo moja dogo siku ya kupima: pamoja na rangi, atajiwe sentimita, na ziandikwe pembeni ya tarehe kwenye kadi ya kliniki. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuuliza, taarifa ya lishe inaposomwa, wangapi kati ya walio njano wamepungua tangu kipimo kilichopita. Swali hilo halina jibu katika daftari la rangi peke yake. Safu ya ziada huchorwa kwa rula na kalamu, na sentimita tayari zimechapwa kwenye utepe, kando ya rangi.